Bluberi za Anselmo na Bafu Langu Jeupe

Tarehe nane Mei nilitangaza ushindi. Nilipiga picha trei zangu zote nne, vijiti mia moja arobaini na vinne vikiwa vimechipua majani mabichi, nikawatumia jamaa kumi na saba kwa mpigo, pamoja na padri wetu. Chini ya picha niliandika: "Mnaona? Sikusoma bure."

Naanza na picha hiyo kwa sababu wakwe zangu nao huanzia hapo kila wanaposimulia habari hii. Afadhali niisimulie mwenyewe kabla Tavi hajaitia chumvi zaidi.

Tavi ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Renzo. Ukoo wao umelima bluberi kwenye misitu ya misonobari ya kusini mwa New Jersey tangu enzi za babu yao. Mimi natoka mji wa pili, dakika ishirini kwa gari, kwa hiyo baada ya miaka ishirini na minne ya ndoa bado ni mgeni. Niliolewa nikiwa na diploma ya kilimo cha bustani, miaka miwili chuoni, alama nzuri. Nimeitundika jikoni, juu ya friji. Maisha yangu yote ya kazi nimesimamia jiko la shule ya msingi, na mmea pekee ninaoukuta huko ni karoti. Lakini diploma ni diploma.

Mambo yalianza Jumapili moja ya Februari, mezani kwa mama mkwe wangu, Ersilia. Ana miaka themanini na mmoja, na kila Jumapili anapika mchuzi wa nyanya tangu alfajiri kana kwamba jeshi linakuja. Tulikuwa tumeshika uma tu Tavi aliposema:

"Barua imekuja. Katapila linafika tarehe ishirini Machi."

Kaunti ilikuwa inapanua barabara iliyo mbele ya nyumba ya Ersilia. Hilo tulilijua. Kipande walichokihitaji kilikuwa chembamba, na juu yake palikuwa na mstari mmoja wa bluberi, vichaka tisa. Ersilia aliweka uma chini.

Vichaka hivyo havikuwa vya kawaida. Marehemu baba mkwe, Anselmo, akiwa kijana, aliokota mama yao pembeni mwa kinamasi, kichaka cha mwituni ambacho matunda yake huiva mwishoni mwa Agosti, wakati kila mtu mwingine ameshamaliza kuchuma na kuosha makreti. Tunda dogo, karibu jeusi, na ladha yake hukaa mdomoni hadi ulale. Akakikata vijiti, akavichomeka, akapata vichaka kumi, akaishia hapo. Hakumpa mtu hata kijiti kimoja. Alikuwa mkarimu wa kila kitu, gari lake, divai yake, shati lake, ila si bluberi zile. Kwa hiyo duniani kote zilikuwa pale tu, mbele ya nyumba, na jina lao lilikuwa bluberi za Anselmo. Kila tarehe ishirini na tisa Agosti, siku yake ya kuzaliwa, Ersilia huoka mkate wa matunda yake, na tangu afariki miaka sita iliyopita hajaacha.

Kuvihamisha haikuwezekana. Mwaka juzi tulijaribu kimoja. Shina nene kama paja langu, na paja langu si dogo. Kilikauka kabla ya Krismasi.

"Nimeshaongea na mtu," Tavi akasema. "Mwenye kitalu, kule barabara ya juu. Atatuoteshea vijiti mia mbili. Ana mashine za kunyunyiza, ana kila kitu."

Nami nikasikia sauti inasema: "Kitalu cha nini, na mimi nimekaa hapa?"

Ilikuwa yangu.

Renzo akaangalia sahani yake. "Mke wangu, yule bwana ndiyo kazi yake."

"Na mimi nina diploma."

"Ile ya juu ya friji?" Tavi akauliza. "Shemeji, miaka yote nilidhani ni waranti ya friji."

Walicheka wote. Ersilia hakucheka. Alinitazama, mkono wake bado karibu na uma, akauliza neno moja tu. "Utaweza?"

"Mama, ni vijiti. Vinachomekwa kwenye udongo, vinamwagiwa maji. Nitaweza."

"Haya," akamwambia Tavi. "Mpe Noreen."

Sasa, kama mtu angenikamata bega wakati huo na kunipeleka nje nikapigwe na baridi, angekuwa ametenda jambo jema.

Tulikata wiki ya mwisho ya Februari, mimi na Ersilia, yeye akiwa amevaa koti la Anselmo lililomfika magotini. Vijiti vinavyotakiwa ni vya mwaka uliopita, vyekundu, unene wa penseli. Unakata urefu wa kiganja. Chini unakata moja kwa moja, juu unakata mshazari, ili siku ya kuchomeka usije ukakipanda kichwa chini. Na ncha zenye matumba manene unazitupa, maana hayo ni ya maua, nasi hatutaki maua, tunataka mizizi.

Haya yote nilimweleza Ersilia. Kwa sauti. Polepole.

"Hili nene unaliona, Mama? Ni la maua. Tunalikata."

"Ndiyo, mwanangu. Asante."

Mwanamke huyu amekata bluberi tangu kabla sijazaliwa. Wakati namwonyesha kimoja, yeye alikuwa ameshamaliza kichaka kizima. Tulipofikisha mia moja arobaini na vinne nikasema basi, vinatosha trei nne.

"Tukate na vingine," akasema. "Mkasi uko mkononi."

"Vinatosha, Mama. Nimepiga hesabu."

Akafunga mkasi. Tulivifunga mafungu kwa mpira, tukavizungushia gazeti lenye unyevu, nikavilaza kwenye friji yangu nyuma ya maziwa. Renzo alilalamika wiki tano kwamba hapati pa kuweka bia.

Katapila lilikuja siku ile ile waliyosema. Lilimaliza kazi kwa dakika kumi na moja. Ersilia alisimama dirishani na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Mimi nilikuwa kando yake nikimwambia, "Usijali, Mama, wako kwenye friji," kana kwamba nazungumzia kuku.

Aprili ikaingia. Nilichanganya mboji ya kinamasi na mchanga, nusu kwa nusu, maana bluberi inataka udongo mchachu na mboji hiyo ni chachu. Hilo nilisoma, nilikumbuka, nilifanya sawasawa. Nikachomeka vijiti, nikaziweka trei ubavuni mwa nyumba chini ya nailoni nyeupe. Kazi safi. Nilikuwa nafuta mikono wakati gari la Tavi lilipoingia uani, na Ersilia akashuka na ndoo mbili.

Alikuwa ameleta maji ya mfereji wa kinamasi. Maji ya huku kwenye vinamasi yana rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya mierezi na majani yaliyolowa miaka na miaka. Watoto wa huku huogelea humo na kutoka na fulana za kahawia.

"Nimeyachota sasa hivi," akasema. "Ya kuanzia."

Hapa inabidi nieleze kuhusu bafu langu.

Maji ya visima vyetu ni machachu. Yanakula mabomba ya shaba, na shaba ile inakuja kutua kwenye bafu. Kila nyumba ya huku ina bafu lenye mstari wa kijani. Wenyeji wamezoea, hata hawauoni. Mimi nilipigana na mstari huo kwa brashi miaka ishirini na mbili. Halafu mwaka uliopita nikafunga tangi kwenye chumba cha chini, limejaa kokoto za chokaa. Maji yanapita humo, uchachu unakufa, yanatoka laini. Bafu langu likawa jeupe kama jino la mtoto. Mgeni hakutoka kwangu bila kupelekwa ghorofani kuliona. Siku ya kubariki nyumba nilimpeleka hata padri.

Kwa hiyo nilipoziona zile ndoo mbili za chai nilisimama mbele ya trei zangu.

"Mama, haya yamejaa uchafu. Kijiti hakina mizizi bado, kitaoza. Mimi nina maji safi ndani."

"Ni maji ya bluberi haya."

"Ni maji ya vyura."

Kisha nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka mpaka leo masikio yanawaka. Nilizichukua zile ndoo, moja baada ya nyingine, nikazimwaga kwenye changarawe mbele yake.

Ersilia aliyatazama maji yanavyozama. Akaokota ndoo zake. "Sawa. Umeamua," akasema, akapanda gari. Tavi, aliyekuwa kwenye usukani, akarudisha gari kinyumenyume hadi barabarani.

Nikavuta mpira wa maji kutoka bomba la nyumbani, nikanywesha. Asubuhi na jioni, kila siku, sikukosa. Na tarehe nane Mei, kama nilivyosema, majani yakatoka na mimi nikawapigia watu tarumbeta.

Tavi alijibu: "Hongera, Waranti." Padri alituma mikono miwili ya sala. Binti yangu Corinna aliandika kutoka chuoni: "Mama, umetuma mara tatu." Ersilia hana simu ya picha, kwa hiyo Renzo alimpelekea yake aone.

"Amesemaje?" nilimuuliza aliporudi.

"Amesema majani mazuri."

"Basi?"

"Basi. Akarudi kwenye mchicha wake."

Kulikuwa na jambo moja ambalo nilipaswa kulikumbuka, na lilikuwa kwenye daftari langu la chuo, limepigwa mstari kwa wino mwekundu, mkono wangu mwenyewe. Kijiti cha bluberi kina akiba ya chakula ndani. Joto likija, kinatoa majani kwanza, hata kama chini hakina mzizi wowote. Majani ya kwanza hayana maana. Kinachothibitisha mizizi ni kuchipua kwa mara ya pili. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwisho, na nililipata.

Juni, hakuna kilichochipua mara ya pili. Badala yake majani yakaanza kugeuka njano, mishipa tu ikabaki kijani, kila jani likawa kama ramani. Vijiti kumi vikafa. Kisha thelathini. Nikafanya ninachomfanyia mtoto akiumwa: nikaongeza maji. Mara tatu kwa siku. Nikawasemesha kwa ukali pia, kwa kuwa ndivyo ninavyolea.

"Muulize Mama," Renzo akasema.

"Nimuulize nini?"

"Kwa nini ni njano."

"Najua kwa nini. Ni joto."

Wiki iliyofuata haikuwa joto, ilikuwa nailoni. Baada ya nailoni ikawa mboji, na nikawaandikia waliotengeneza mboji barua ya kurasa mbili, yenye vifungu. Sikupata jibu, na nashukuru sana kwamba sikupata.

Katikati ya Julai, Ersilia alimwambia Renzo kwamba Jumapili baada ya misa atapita kuona watoto wa Anselmo. Hakuwa amepita tangu siku ya ndoo. Nikahesabu trei. Vilibaki sitini na kimoja, vyote njano. Vichaka vya mzee vilikuwa vimeshasagwa chini ya lami, na mimi ndiye niliyekataa kitalu.

Mtu mwenye akili angempigia simu. Mimi Jumamosi niliendesha gari saa nzima hadi duka la bustani karibu na bahari, mahali ambapo hakuna anayenijua, nikanunua miche midogo ishirini na minne ya bluberi.

Yule mama wa kaunta alinitazama juu ya miwani. "Wewe si mkwe wa Ersilia?"

"Namfahamu kidogo," nikasema.

"Mnanunua bluberi? Nyinyi?"

"Ni za rafiki."

Nilirudi, nikaipunguza kwa mkasi ionekane michanga, nikaichomeka kwenye trei ya mbele, nikaipanga vizuri. Vile sitini na kimoja vya kweli nilivificha nyuma ya gereji, nikavifunika kitambaa cha meza cha Krismasi. Nina diploma, na hiki ndicho nilichoitumia kufanya.

Ersilia alifika na viatu vyake vya kanisani. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akaisogelea trei kama mtu anayesoma gazeti. Akachuma jani, akalisugua kwa kidole gumba, akalitazama upande wa nyuma.

"Hii ni Duke," akasema.

"Mama?"

"Duke, Noreen. Ile aina tuliyopanda eka kumi nyuma ya banda. Nimeichuma miaka thelathini. Unadhani sitamjua Duke akikaa mbele ya pua yangu?" Akainama kidogo. "Na huyu hapa bado amevaa karatasi ya dukani."

Kweli. Moja ilikuwa bado na kibandiko.

"Viko wapi vya Anselmo?"

Nikampeleka nyuma ya gereji. Niliondoa kitambaa chenye picha za theluji na kengele. Aliangalia trei kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kupanga maneno. Joto. Nailoni. Mboji. Yote yalikuwa tayari mdomoni. Nilichosema ni, "Nimeviua, Mama. Sijui vipi, lakini ni mimi."

"Najua vipi," akasema. "Nilijua tangu Mei."

Sikuelewa.

"Unavinywesha maji ya bafu. Lile tangi lako la mawe linaua uchachu, si ndiyo kazi yake? Umetuambia sote, umempandisha mpaka padri ngazi. Bluberi bila uchachu haili. Inakaa na njaa mezani."

Nikasimama pale na kitambaa cha Krismasi mkononi. Nilikuwa nimevitandikia kitanda kichachu, mboji safi, kama kitabu kilivyosema, halafu nikakiosha kwa chokaa mara mbili kwa siku, na mara tatu vilipozidiwa, kwa siku mia moja. Kila kitu nilichohitaji kukijua nilikuwa nakijua. Sikuwa nimekutanisha hiki na kile.

Kisha ndipo neno lake likanifikia.

"Tangu Mei? Mama, ulijua tangu Mei na hukusema?"

"Ulimwaga ndoo zangu."

"Ni kweli, lakini..."

"Mbele ya Tavi ulizimwaga." Sauti yake ilipanda. "Nikasema, acha aumbuke. Atakuja mwenyewe kuniuliza. Nikangoja wiki. Nikangoja ya pili. Kila Jumapili unakula kwangu, unajaza sahani, huulizi! Renzo anasema, Mama, sema naye. Nikamwambia, ana mdomo, aje. Wewe mbishi, mimi mbishi, na mzee wangu yuko katikati anakauka." Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akapenga kamasi kwa nguvu. "Nilidhani vitabaki vingi. Nilidhani nina muda wa kukukomoa kwanza."

Hatukutazamana. Alitazama trei na mimi nikatazama kengele za Krismasi.

"Basi sasa wajinga ni wawili," akasema hatimaye. "Leta ndoo."

Kutoka gereji yangu hadi mfereji ni hatua mia nne na kumi. Najua kwa sababu nilizitembea asubuhi na jioni tangu siku hiyo, ndoo mbili kila safari, zile zile za Ersilia, alizozirudisha kwangu, na safari ni mbili mbili, maana ilibidi kwanza kuisafisha mboji yote. Ersilia alikaa kwenye ndoo ya tatu iliyogeuzwa akinielekeza. "Polepole. Si zima moto hii." Viatu vyangu vyeupe vikawa kahawia. Tavi alipita na gari, akateremsha kioo.

"Shemeji! Bomba limekatika?"

"Endesha gari lako, Tavi."

"Nauliza tu. Maana nasikia kwenu maji ni masafi."

Alikuwa hajaambiwa chochote, lakini mtu huyu ana pua. Vijiti viliendelea kufa. Hamsini. Arobaini. Mapema Agosti vilikuwa ishirini na sita, ila vile vilivyobaki rangi yao iliacha kuzorota. Kila nikichungulia nilitafuta kitu kimoja tu, chipukizi la pili, na nilijizuia nisivute hata kimoja kuangalia kama kimeshika.

Tarehe ishirini na tisa Agosti iliangukia Jumapili. Ersilia alioka mkate wa bluberi kama kawaida, ila kwa Duke, kutoka kwenye mifuko ya friza. Sote tulikula. Hata Corinna, aliyekuwa amekuja likizo, aliweka simu chini.

"Mtamu, Mama," Tavi akasema.

"Mtamu," Ersilia akakubali. "Si wake."

Mbele ya sahani ile sikuweza tena. Nilisimama, na kiti kikaanguka nyuma yangu, jambo ambalo halikusaidia heshima yangu. Nikawaambia yote. Tangi, ndoo, miche ya dukani, kitambaa cha Krismasi. Nilisema vibaya, haraka haraka, kama mtu anayevua plasta.

Tavi alianza kutikisika mabega kwenye neno bafu. Nilipofika kwenye kibandiko alikuwa ameshika meza. "Bafu!" akalia. "Bluberi za Baba zimekufa kwa ajili ya bafu! Mtu na diploma yake! Nitakufa, jamani, nishikeni..."

"Na mimi nilijua nikanyamaza," Ersilia akasema.

Tavi akaacha kucheka.

"Nilijua toka mwanzo wa Mei. Ningesema neno moja vingekuwa hai vyote. Haya, cheka. Nicheke na mimi, mwanangu."

Renzo akainuka, akakiokota kiti changu, akakisimamisha. "Twende tukavione," akasema. Tukaondoka mezani wote, leso zikiwa bado vifuani, tukaenda kwangu kwa miguu, nyumba ya tatu kando ya barabara mpya.

Vilikuwa kumi na tisa. Usiku mmoja kabla nilikuwa nimeona vinundu vyekundu kwenye baadhi, vidogo kama kichwa cha pini, lakini nilikuwa nimeshatangaza ushindi mara moja mwaka huu na sikutaka kurudia.

"Vuta," Ersilia akaniambia.

"Vuta wewe, Mama."

"Uliviua wewe. Vuta."

Nikashika cha kwanza kwa vidole viwili, nikavuta taratibu. Kikatoka chote, chini cheusi, laini, hakina kitu. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu. Nilihisi machozi yakija, na mimi si mtu wa kulia mbele ya Tavi. Nikashika cha nne, nikavuta.

Kikakataa.

Nikavuta tena kidogo. Mboji yote ikainuka kuzunguka shina, kama shuka inapovutwa na mtu aliyelala upande wa pili, na kijiti kikabaki pale pale.

"Kimeshika," nikasema. "Kimeshika! Mama, kime..."

Ersilia akanipiga kofi la mkononi. "Acha! Utaking'oa kwa furaha."

Nilivuta vyote kumi na tisa. Saba vilikataa. Corinna aliuliza kama apige picha nami nikamwambia akithubutu nitamkatia karo.

Ersilia aligeuza moja ya ndoo zake mbili, akaikalia, akavitazama vile saba. "Machi, vikiwa vimelala, viwili nitachukua," akasema. "Si kwamba sikuamini."

"Huniamini."

"Sikuamini. Viwili Tavi atampelekea yule bwana wa kitalu. Akate, aoteshe, awape watu. Majirani. Mtu yeyote."

Tavi na Renzo wakatazamana. "Mama," Renzo akasema, "Baba angekasirika."

"Akasirike. Kama angempa mtu hata kijiti kimoja, mimi leo nisingekuwa nyuma ya gereji nasali juu ya saba." Akanyoosha mkono, Tavi akamwinua. Akakung'uta sketi, akaigeuza ile ndoo aliyokuwa ameikalia, akaisogeza kwa mguu hadi ilipogusa mwenzake.

"Vitatu vibaki kwako," akaniambia. "Na ndoo zangu pia. Jioni hii hujawanywesha."

Nikazichukua, nikaenda mferejini.